Si Jiwe Lililowaua, ni Moshi

Mwanaisha, mwanangu,

Salamu utazipata asubuhi kwa mdomo wangu, na dua bibi yako keshakusomea mpaka sauti imemkauka, kwa hiyo karatasi hii siitumii kwa hayo. Wala sitakwambia habari za sanduku, chandarua, au nani wa kumwamini ukishuka Pemba, hii yetu ya bara. Hayo umeambiwa na kila mwanamke wa kijiji hiki, na usiyoyashika yatakufundisha yenyewe. Nakuandikia kwa sababu tangu siku ile ya makaburini unanijibu neno moja moja. Ndiyo, baba. Hapana, baba. Chakula tayari, baba. Mtu wa nje akitusikia atasema, maashallah, binti wa Sumaili ana adabu. Mimi naijua adabu yako unapokuwa radhi nami, ina kelele na ubishi ndani yake, na hii siyo.

Sasa ni alasiri. Umekwenda kuaga kwa shoga zako, bibi yako amejinyoosha ndani, na mimi nimekaa barazani. Mikono imenipasuka, kila nikikaza kalamu inauma. Sababu yake nitakwambia huko mbele. Mwandiko wangu usiucheke. Nilisoma shule ya watu wazima, na niliacha kabla hawajatufikisha kwenye kuandika barua.

Nianze na siku uliyotuletea habari ya wale wanyama.

Ulikuwa na miaka kumi na tatu, na mama yako alikuwa na mwaka kaburini. Wageni wa gesi walikuwa wameshajaa Palma. Kila baada ya muda tunasikia wamepata tena, wamepata kisima kingine huko baharini, na kila aliyekuwa na chumba amekipangisha. Miongoni mwao alikuwemo Dona Celeste, yule mwanamke wa Beira anayesoma mawe. Alikuja kwenye shimo nilikokuwa nikichimba matumbawe makavu ya kuchomea chokaa, na siku hiyo hiyo ukamganda. Akainua jiwe, akakuonyesha gamba la chaza lililogeuka jiwe ndani yake. Mimi magamba hayo nimeyachoma maisha yangu yote, wala sikuwahi kuyatazama mara mbili. Wewe ulirudi nyumbani umelifunga kwenye upindo wa kanga.

Jioni ile tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na pweza wa nazi, wewe, mimi na bibi yako. Ukaanza kutuambia kwamba zamani, kabla hajakuwepo mtu yeyote, dunia hii ilikuwa ya wanyama wakubwa, wengine warefu kupita mnazi, na wanaitwa dinosau. Bibi yako akasema hizo ngano. Nikamwambia si ngano, mama, marehemu babu yangu alihadithiwa na watu wa ng'ambo ya Ruvuma jinsi Wajerumani walivyofukua mifupa kule Lindi, mfupa mmoja unatungikwa kwenye mti, watu wanaupokezana mabegani mpaka pwani. Ukafurahi kwamba hata mimi nina kipande cha hadithi yako. Ukasema ndege ni wa ukoo wao, na kuku naye yumo. Bibi yako akatafuna kwanza, kisha akasema, "Basi Idi iliyopita tulichinja dinosau. Ndiyo maana alikuwa mgumu vile." Tukacheka, na ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka ndani ya nyumba ile tangu msiba.

Ndipo nikauliza swali la kijinga. Nikauliza, walikufaje?

Macho yakakuwaka. Ukasema kilikuja kimondo kutoka juu, jiwe kubwa kuliko mlima wowote tunaoujua, na mbio zake hakuna risasi inayozifikia. Likapiga upande wa pili wa dunia, kwenye bahari ya kina kifupi kule Mexico. Bahari ikainuka, misitu ikashika moto, na vipande vilivyorushwa juu vikarudi vinawaka. Waliokuwa karibu walikufa pale pale. "Lakini baba," ukasema, na tonge liko mkononi, "huku kwetu walikuwa mbali, hawakupigwa. Si jiwe lililowaua, ni moshi. Pale lilipoangukia chini yake kulikuwa na mawe ya chokaa na jasi, yakaungua yote kwa pamoja, kama tanuru lako, moshi ukapanda ukafunika dunia nzima, jua likapotea, na wale..."

Neno lilikuwa limeshatoka na hukuwa na pa kulirudisha. Bibi yako aliendelea kutafuna akilitazama bakuli. Mimi nikainuka kwenda kunawa, na sikurudi mkekani.

Miaka sita sasa hatujaimalizia hadithi ile. Wewe uliimaliza shuleni, ukaipenda mpaka ikakupatia bolsa ya masomo, na kesho unakwenda kusomea mawe chuo kikuu. Mimi niliimaliza peke yangu, kwa njia ya wizi, kama nitakavyokueleza. Leo nataka tuimalize pamoja, na mama yako akiwemo, maana kwangu mimi ni hadithi moja.

Desturi yetu wachoma chokaa unaijua, ulikuwa ukinifuata ungali mdogo. Tanuru likishapangwa, magogo chini na matumbawe juu, kabla ya kutia moto mwenye tanuru anakwenda nyumba kwa nyumba kule unakoelekea upepo. Anapiga hodi, anasema, "Nimekuja kuomba moshi." Mwenye nyumba anajibu, "Moshi umepewa." Basi wenye vichanga na wenye wagonjwa wa kifua wanahamia kwa ndugu zao upande wa juu mpaka tanuru litulie. Hakuna anayehama bila kuombwa, na sijasikia aliyeombwa akakataa. Baba yangu alinifundisha hodi hiyo kabla hajanifundisha kuchagua mawe.

Mwaka ule chokaa ilitakiwa haraka. Habari za gesi zilikuwa ndiyo kwanza zimevuma, kila mtu anajenga nyumba ya kumngojea mgeni, nikaombwa nipange tanuru ambalo kijiji hiki hakijapata kuliona. Magogo makavu hayakutosha. Nikachanganya mikoko mibichi na minazi iliyokuwa imelala kwenye mvua. Siwezi kusema sikujua, mimi niliyezaliwa ndani ya kazi hii. Tamaa ilinishika, nikajiambia upepo utasaidia. Kisha nikazunguka kuomba moshi. Nilipiga hodi kila mlango, hata kwa yule jirani yetu tuliyekuwa hatusemezani naye, naye akanijibu vizuri. Mlango mmoja sikuupiga, nao ni wa kwangu. Mtu hapigi hodi kwake.

Kifua cha mama yako kilikuwa kile kile nilichomwoa nacho. Matanuru madogo ya nyuma alikuwa akijifunga kanga mdomoni, anakohoa siku moja, yanapita, na mimi nikazoea kwamba yanapita. Safari hii alikuona wewe unacheza chini ya lile rundo, akaona na majirani wanabeba mikeka wanahama, akakuchukua akakupeleka kwa bibi yako kule juu kwenye hewa. Bibi yako akamwambia baki na wewe, nimeshakutandikia. Akajibu, "Mama, mimi sijaombwa." Kisha akacheka, akasema mke wa mchoma chokaa akiukimbia moshi wa mumewe, nani mwingine atakubali kuupokea? Akakuacha wewe, akarudi yeye. Mkeka ule bibi yako hakuukunja mpaka siku ya arubaini.

Mvua ikanyesha juu ya tanuru. Moto ukawa hauzimiki na hauwaki. Moshi ukashuka ukalala juu ya mapaa, mchana na usiku, hauendi mbele wala haurudi nyuma. Mimi nilikuwa tanuruni nahangaika na magogo, nikiogopa mawe yataungua nusu. Chakula chake kililetwa kwangu mara ya kwanza, mara ya pili hakikuja, na mimi nikanuna kwamba nimesahauliwa. Nilipokuja kuitwa alikuwa anavuta pumzi kwa mabega. Tukampakia kwenye pikipiki kwenda hospitali ya Palma, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Njiani mabega yakatulia. Nilijua, lakini sikumwambia dereva, kwa sababu nilitaka tuendelee kwenda.

Watu walikuja na maneno yao mazuri, kwamba ni ajali, ni kazi ya Mungu. Naam, kila kitu ni kazi yake. Lakini mvua ilikuwa yake, na magogo mabichi yalikuwa yangu, na hodi ile nayo ilikuwa yangu.

Sasa rudi kwenye ule mkeka wa pweza. Ulipolala nilikaa na maneno yako, na kulipokucha nikaenda kumtafuta Dona Celeste. Hilo hukulijua. Kireno changu cha kuunga-unga na Kiswahili chake cha sokoni vikakutana katikati. Nikamuuliza moshi ule wa wanyama ulikaa muda gani. Akasema wenyewe wasomi wanabishana. Giza huenda lilikaa miezi, huenda zaidi, na baridi ikafuata miaka. Majani yalikufa kwanza, wakafuata waliokula majani, kisha waliokuwa wakiwala hao. Kilichonikaa moyoni ni kwamba wengi hawakuvunjika hata mfupa. Wanyama wenye nguvu zile walisimama gizani wazima kabisa, wakingoja chakula ambacho hakikuja. Nikauliza, nani alipona? Akataja wadogo, waliokuwa mashimoni, waliojua kula mbegu na vitu vilivyooza, kasa, mamba, na baadhi ya ndege. Nikauliza, hakuna aliyewaambia? Akacheka, halafu akanitazama, akaacha kucheka.

"Nani angewapigia hodi, mzee wangu?" akasema.

Desturi yetu alikuwa haijui, hakujua amelisema kwa nani. Nikamuaga kwa adabu. Nilifika mpaka nyuma ya ghala la samaki, nikakaa chini.

Kuna jingine aliloniambia siku hiyo, na nadhani wewe unalijua vizuri kuliko nitakavyolieleza. Kwamba vumbi la jiwe lile na masizi ya moto ule viliposhuka vilitanda chini dunia nzima, tabaka jembamba, mahali pengine halizidi upana wa kidole. Ndani yake kuna madini ambayo huku duniani ni haba na kwenye mawe ya angani ni mengi, ndiyo maana wanalitambua. Chini ya tabaka hilo mifupa ya dinosau utaikuta. Juu yake huikuti tena, ila ya hao ndege. Hata mchanga wa chini ya bahari yetu unaoshika gesi, akasema, ulilala baada ya giza lile, uko upande wa juu. Nikarudi nyumbani nikifikiri kwamba dunia nzima imeuwekea alama msiba wake, na mimi wa kwangu sijauwekea hata mstari.

Maana kaburi la mama yako unalijua. Kwetu mwenye uwezo humjengea mtu wake kaburi kwa matumbawe akalipaka chokaa. Wako mashehe wasiopenda, wanasema kaburi lisipakwe, na siwabishii, wanajua walichosoma. Lakini mimi sikuacha kwa ajili ya dini, tusidanganyane. Nimepaka makaburi ya baba za watu na mama za watu kutoka hapa mpaka Namoto. Kwa mke wangu Atija mkono ulikataa, kwa sababu chokaa ndiyo iliyomuua, nikaweka mawe mawili tu yasiyochongwa, la kichwani na la miguuni. Nikasema nitakuja kulijenga moyo ukipoa. Majani yakaota, mwaka ukaenda na mwingine, na mchoma chokaa maarufu ana mke ambaye kaburi lake mbuzi wanalipita kama njia.

Halafu wakaja wale watu wa kuhesabu. Ardhi yetu inaingia ndani ya uzio wa gesi, sisi tutapelekwa kwenye zile nyumba za matofali Quitunda, na makaburi lazima yajulikane kabla ya mashine kuingia. Walipita na rangi nyekundu. Kila kaburi walilopewa habari zake wakaliandika namba, ili likihamishwa lihamishwe kwa heshima, na likibaki lisikanyagwe. Walipofika kwa mama yako, yule kijana wa serikali aliyetoka Nampula, mstaarabu tu, akaniuliza, "Mzee, hapa pana mtu?"

Niliyatazama yale mawe mawili. Nikaona nikisema yupo, ataniuliza ni nani, alikufa na nini, na mbona fundi chokaa hajampaka mkewe chokaa, na watu wote wamesimama pale wanajua jibu. Nikanyamaza kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Akadhani hapana mtu, akapita, akaenda kulipaka namba kaburi la jirani. Nilipogeuka wewe ulikuwa nyuma yangu na ndoo ya maji kichwani.

Njiani uliniambia kwa sauti ndogo kabisa, "Ulimnyima hodi, baba. Sasa umemnyima na namba."

Nikakwambia nyamaza. Katika maneno yote niliyosema na niliyoyameza siku ile, hilo ndilo ninalolijutia zaidi, kwa sababu ulinitii.

Wewe ulisema kweli, na mtu aliyesema kweli haambiwi nyamaza na baba yake. Nilikuwa na aibu, Mwanaisha. Nilikuwa na aibu kuliko nilivyokuwa na huzuni, na miaka yote hii nimewaacha watu waamini kwamba ni huzuni. Mjane wa kiume mwenye huzuni anapewa heshima, anapelekewa chakula. Aibu hakuna anayeipelekea chakula, basi nikaivisha nguo ya mwenzake.

Nilisema sitakupa mawaidha, na kweli sina. Nina machache niliyoyaona nikiwa upande wa moshi.

Huko uendako watakufundisha mshindo. Jiwe lilikuwa na ukubwa gani, lilishuka kwa mbio gani, lilichimba shimo la kina gani. Jifunze sana, ndiyo kazi uliyoiomba. Lakini mshindo unajulikana na kila mtu, na baada yake watu wanaanza kupumua wakidhani yamekwisha. Bibi yako anaogopa kwamba gesi italipuka tufe sote siku moja. Namwambia haitalipuka, mama. Ninachokiogopa mimi hakina sauti. Njia ya kwenda pwani itazungushiwa, mwanamke anayekwenda kuokota chaza ataambiwa apite kule, na kule ni mbali. Atakwenda mara mbili, mara ya tatu atabaki nyumbani. Mvuvi atapewa nyumba nzuri mahali ambapo bahari haisikiki. Atakaa kizingitini mzima wa afya, na wapita njia watauliza huyu naye analalamika nini.

Pengine siku moja atakayekuja mahali pa watu akiwa na kofia ngumu na vyombo vya kupimia ni wewe. Sitakuzuia, na sitakuona msaliti kama wanavyosema baadhi ya vijana hapa. Jiwe halikuwa na mdomo, wewe unao. Piga hodi. Na ukishapiga milango yote, kaa ufikirie ni mlango gani umeuruka kwa kuwa ulidhani ni wako. Mimi nilidhani anayenipenda hana haja ya kuombwa, nikaiita mazoea, nikaiita ndoa. Hapo ndipo nilipokosea zaidi kuliko kwenye magogo mabichi. Mtu wa mbali akikukasirikia atahama, anaokoka. Wa kwako atabaki ndani akingoja uje umwombe.

Utaolewa, ukipenda. Huyo atakayekuoa asipokuwa na hodi, mrudie bibi yako.

Sasa nikueleze mikono.

Chokaa ya tanuru lile sikuiuza. Uliwahi kuniuliza iko wapi, nikasema iliharibika kwa mvua. Haikuharibika. Niliimwagia maji ikachemka mpaka ikatulia, nikaifukia shimoni nyuma ya nyumba, nikafunika kwa mchanga mbichi, nikapanda mpapai pembeni watu wasiulize. Chokaa iliyotulia vizuri ikifukiwa haifi, inazidi kulainika, baba yangu alikuwa akisema iliyokaa muda mrefu ndiyo ya misikiti. Leo asubuhi ulipotoka tu nikaifukua. Ilikuwa nyeupe na laini kama samli iliyoganda, miaka saba chini ya ardhi. Nimeibeba kwa ndoo ile ile ya siku ile. Mikono iliyoacha kazi zamani imekuwa laini kama ya karani, na chokaa haimhurumii karani.

Nimemjengea. Matumbawe pande nne, chokaa juu, nyeupe, inaonekana kutoka barabarani. Kabla sijagusa kitu nilisimama nje ya yale mawe mawili nikasema, "Hodi, Atija." Nikangoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Nikasema, "Nimekuja kuomba moshi." Nimelia, mwanangu, mtu mzima, mchana kweupe, na mbuzi wa watu wananitazama. Halafu nikaanza kazi, maana chokaa ikishatoka shimoni haisubiri.

Wale wa rangi nyekundu wanarudi wiki ijayo kumalizia. Watanikuta nimekaa pale. Yule kijana akiuliza pana mtu, nitamwambia yupo, anaitwa Atija, alikuwa mke wangu, na alikufa kwa moshi wa tanuru langu ambao sikumwomba. Aandike vyote au aandike namba tu, shauri yake. Kama atahamishwa au atabaki, hilo hatutaliamua bila wewe. Bibi yako na mimi tutakupigia simu. Lakini hakuna mashine itakayopita juu yake na dereva akasema sikuona.

Sikuombi unisamehe. Nakujua, ukiona baba yako amelia utanisamehe haraka haraka ili nisilie tena, na msamaha wa namna hiyo tutakuja kuudaiana. Nenda nao huko, ukae nao, uupime unavyopima mawe.

Ninaloomba ni dogo kuliko hilo. Gari la Pemba linapita alfajiri, na njia ya kwenda barabarani inapita makaburini. Jana nilikusikia ukimwambia bibi yako mtazunguka kwa upande wa shule. Nilijua kwa nini, hukutaka kupita pale nikiwa nimebeba sanduku lako. Naomba tusizunguke. Chokaa iliyokaa sana shimoni inachelewa kukauka, mpaka adhuhuri ya kesho itakuwa bado mbichi. Upande wa kichwani nimelainisha pahali nikapaacha patupu, upana wa kiganja. Sikuweka changu. Pale ni pako, ukitaka, ili hao watakaofukua baada yetu wajue kwamba kulikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na mwana.

Karatasi hii utaikuta juu ya sanduku lako ukirudi. Kabla ya azana nitakuja mlangoni pa chumba chako. Nyumba nimeijenga mimi, na mlango huo niliuranda kwa mkono wangu, lakini nitapiga hodi, nami nitangoja. Usipojibu, nitalichukua sanduku tuzunguke kwa upande wa shule, na hutasikia neno kutoka kwangu.

Baba yako,
Sumaili